Maumivu sugu ya mgongo na magoti: hijama, kuchua, sindano za Kichina, pilipili... kipi kinasaidia na kipi kinakula hela yako?

MzeeWaPingili (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuuliza: mgongo unanisumbua mwaka wa tatu, nimepiga eksirei nikaambiwa pingili zimesagika, vidonge vya maumivu vya diklo (diklofenaki) vimeshanichoma tumbo, nani anajua tiba mbadala? Majibu ni yale yale. Mmoja atasema kapige hijama, ule upigaji wa vikombe na kuchanjwa kutoa damu, mwingine atataja mizizi, wa tatu ataandika "njoo PM". Na sote tunajua huko PM, kwenye ujumbe wa faragha, kuna nini: kopo la vidonge la laki tatu.

Kazi yangu ni fiziotherapia, hospitali moja hapa Dar. Sina dawa ya kuuza, na PM yangu nimeifunga. Nataka tuweke hadharani kinachojulikana kuhusu hizi tiba za pembeni, ili mtu akitoa hela yake ajue anaitolea nini. Msimamo wangu nautanguliza tusije tukazungushana: tiba ya pembeni ina faida pale inapokupunguzia maumivu kiasi cha kukurudisha kwenye kutembea, kuinama na kufanya kazi. Ikikufanya ulale chali ukisubiri kikao kijacho, hiyo imeshakuwa kodi ya nyumba: unalipa kila mwezi na nyumba si yako.

Kwanza kabisa, wafuatao waache kusoma waende hospitali leo. Mgongo unauma na umeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au sehemu ya siri na mapajani kwa ndani pamekufa ganzi, au mguu unazidi kukosa nguvu. Hiyo ni dharura, usiku huo huo. Mgongo unauma na una homa za jioni, jasho la usiku, unapungua mwili bila sababu: huku kwetu TB ya uti wa mgongo ipo, na haiondoki kwa kuchua. Umewahi kutibiwa saratani, au umeanguka, au umeanza kuumwa mgongo ghafla ukiwa na umri mkubwa: kapimwe. Nimepokea watu waliochuliwa miezi mingi kwa mafuta ya kila aina, kumbe pingili inaliwa na TB. Wengine wamefika miguu haisogei.

Tuliobaki sasa. Maumivu yakizidi miezi mitatu ndiyo tunayaita sugu. Hapo jambo moja huwa gumu kulieleza bila mtu kukasirika: baada ya muda huo, mara nyingi ukubwa wa maumivu haulingani tena na ukubwa wa jeraha. Mishipa ya fahamu na ubongo vimeshakuwa vyepesi kushtuka. Kitu kidogo, kuinama kufunga kamba ya kiatu, kinapigiwa king'ora kizima. Maumivu ni ya kweli kabisa, haumwi kwa kujitakia. Ila haina maana kwamba kila ukiumwa kuna kitu kimekatika.

Na hizo "pingili zimesagika" zinawatia watu hofu kuliko inavyostahili. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo HAUWAUMI. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Watu wazima, wanadunda, na picha zao ukizipeleka kwa fundi wa kutisha watu utaambiwa ulale usiinuke. Mvi za ndani tu hizo. Sasa mtu akishasoma ripoti yake anaacha kuinama, anaacha kubeba ndoo, misuli inalegea, mgongo unazidi kuuma, anatafuta tiba nyingine.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake. Maumivu ya chini ya mgongo kwa ujumla wake ni tatizo la watu milioni 619 kwa hesabu ya mwaka 2020. Walichokiunga mkono: kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, kuchua, kunyooshwa mgongo na mtu aliyesomea, sindano za Kichina (akupancha, sindano nyembamba zisizo na dawa ndani), tiba za kisaikolojia, na dawa za jamii ya ibuprofeni kwa tahadhari. Kwenye mitishamba wakapitisha pilipili ya kupaka, nitaieleza akitokea wa kuuliza. Walichokikataa: mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine, dawa kali za jamii ya afyuni kama tramadoli. Na sisi wa fiziotherapia tumeguswa pia, maana ile mashine ya kupitisha umeme mdogo na ile ya ultrasaundi ya kutibia, ambazo wagonjwa wanazipenda sana kwa kuwa zina taa, nazo hazikupendekezwa.

Karibuni kwa maswali. Wa "njoo PM" wakae mbali.

Dereva_wa_Semi

Mkuu umenigusa. Mimi natembeza semi Dar–Tunduma, mkanda wa mgongo nimenunua Kariakoo elfu themanini, ule wenye vyuma nyuma. Nikiuvaa nasikia nafuu. Unaniambia nimeliwa?

MzeeWaPingili

Hujaliwa moja kwa moja. Nafuu unayoisikia ipo, unabanwa, unakaa wima, unajisikia salama. Shida ni kwamba ukiuvaa kutwa mwaka mzima, misuli inayotakiwa kufanya kazi hiyo huenda ikazembea, na hakuna ushahidi wa maana kwamba mkanda unaponya mgongo sugu. Ukitaka uvae ukiwa unapakua mzigo, kisha uvue. Usilale nao. Usiuchukulie kama tiba.

Kwako wewe dereva dawa ya bei rahisi ni kushuka. Ukifika mizani, ukifika Chalinze, ukisimama Mikumi kwenye kula, usikimbilie kukaa tena. Tembea. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Nusu walipewa mpango wa kutembea pamoja na maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, lengo likiwa kufika dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, taratibu ndani ya miezi sita. Nusu hawakupewa kitu. Wasiotembea, maumivu yaliwarudia kwa wastani baada ya siku 112. Waliotembea, siku 208. Karibu mara mbili, na hakuna aliyenunua kopo la mtu.

Na kiti. Kunja taulo weka pale kiunoni kwenye shimo la mgongo, sogeza kiti mbele ili ukikanyaga klachi mguu usinyooke wote ukaburuta nyonga. Ukiegesha, kabla ya kuruka chini, geuka utazame kabini, shuka ngazi kwa ngazi. Madereva wanaumia kwa kuruka pia, si kwa kuendesha tu.

Mpemba_Halisi

Assalaam alaykum. Naona hijama umeipitia juu juu kama hujaiona. Hijama ni Sunna na watu wanapona, mimi mwenyewe napiga kila mwaka, tarehe 17, 19 au 21 za mwezi wa Kiislamu. Nikitoka pale bega limekuwa jepesi. Hospitali hamuipendi kwa sababu hamjaisomea.

MzeeWaPingili

Wa alaykum salaam, shekhe wangu. Upande wa ibada siugusi, si mahali pangu. Naongelea upande wa maumivu tu.

Tafiti za hijama na chuku kwa maumivu ya shingo na mgongo zipo, na nyingi zinaonyesha nafuu ya muda mfupi. Tatizo ni kwamba nyingi ni ndogo na ni vigumu kumficha mtu kama amepigwa kikombe cha kweli au cha uongo, kwa hiyo huwezi kujua nafuu imetoka kwenye kikombe au kwenye matarajio. Siwezi kukuambia haifai, wala siwezi kukuambia inatibu. Bega lako likiwa jepesi, litumie siku hiyo hiyo: nyoosha mkono, zungusha, inua kitu. Hapo ndipo utapata faida ya kudumu.

Ninachokigombania mimi ni wembe. Nimeingia vyumba vya hijama viwili vitatu mjini kwa udadisi tu. Kuna mahali nimekuta kila kitu safi: glavu, kiwembe kinafunguliwa mbele yako, vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vinatupwa, ngozi inapakwa dawa kabla. Na kuna mahali vikombe vilikuwa vinasuuzwa kwenye beseni moja, maji yake mekundu. Homa ya ini na Ukimwi vinasafiri kwa njia hiyo hiyo. Kikombe kikishaingia damu ya mtu, kukisuuza hakutoshi. Usione haya kuuliza, na usipoona kiwembe kikifunguliwa, vaa shati ondoka.

Na wafuatao wasichanjwe kabisa bila kuongea na daktari wao: wenye upungufu wa damu, wenye selimundu, wajawazito, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, na wenye kisukari chenye vidonda visivyopona.

Mpemba_Halisi

Hapo kwenye wembe tuko pamoja. Wengine wanatuharibia jina.

Bibi_wa_Pongwe

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, magoti yananitesa, asubuhi nikiamka hayakunjiki mpaka nikandwe na maji ya moto. Mjukuu kanisomea hapo juu umesema pilipili. Nikaange pilipili kichaa kwenye mafuta ya nazi nipake? Ndivyo mama yangu alivyokuwa akifanya, akitia na karafuu.

MzeeWaPingili

Shikamoo mama. Marehemu mama yako alikuwa na jambo, nieleze kidogo.

Ukali wa pilipili unatoka kwenye kitu kinaitwa kapsaisini. Kikigusa ngozi kinashika mlango maalumu kwenye ncha za mishipa ya fahamu, mlango ule ule unaotoa taarifa ya moto. Ndiyo maana pilipili tunasema inawasha kama moto: mwili hautofautishi. David Julius wa Marekani ndiye aliyeugundua mlango huo kwa kutumia hiyo hiyo kapsaisini, na mwaka 2021 akapata Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Sasa mlango ukigongwa kila siku kwa wiki kadhaa, ncha za mshipa zinachoka, zinapunguza kupeleka taarifa za maumivu. Huo ndio ujanja wote. Na pilipili ambayo WHO waliitaja kwenye mwongozo wao kwa jina la kisayansi ni Capsicum frutescens, ukoo wa hii hii pilipili kichaa yetu.

Lakini usikaange nyumbani, mama. Pilipili ya shambani huijui ukali wake, leo kidogo kesho nyingi, utajiunguza ngozi. Ya duka la dawa ipo ya tyubu, imepimwa, asilimia 0.025 mpaka 0.075. Unapaka kiasi cha punje ya maharage kwenye goti, mara tatu au nne kwa siku. Siku za mwanzo itawaka, usishtuke, inapungua. Usitarajie kitu kabla ya wiki mbili, na ukiacha siku mbili tatu unaanza upya. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza, usiguse macho, usimbebe mjukuu kabla hujanawa. Usipake kwenye mchubuko. Wala usipake halafu ukakanda na maji ya moto, utapiga kelele mtaa mzima usikie. Kama ngozi imepata malengelenge, acha.

Mafuta ya karafuu nayo yana ganzi yake, lakini hayapakwi matupu, yachanganye na mafuta ya nazi kwa wingi, tone kwa kijiko.

Maji ya moto endelea nayo asubuhi kabla hujapaka kitu, yanasaidia ugumu. Halafu fanya hivi: kaa kwenye kiti kigumu, kile cha jikoni, mikono kifuani. Simama bila kujishika, kaa tena polepole kama unaogopa kuvunja yai. Mara tano asubuhi, tano jioni. Ukishindwa, weka mto kwenye kiti kiwe juu kidogo. Wiki ijayo ongeza mara mbili. Misuli ya paja ndiyo inayobeba goti. Na kama mwili ni mkubwa, kila kilo moja ukipungua goti linapumzishwa kama kilo nne kwa kila hatua, hilo limepimwa.

Bibi_wa_Pongwe

Ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Kusimama mara tano nimejaribu sasa hivi, ya nne nimejishika.

MzeeWaPingili

Ya nne ni nyingi, mama. Kesho utaona.

Afya_na_Mafanikio

Habari za majukumu. Kwa wenye magoti, kuna bidhaa bora kutoka nje yenye glukosamini na kondroitini inayojenga upya gegedu (ule mfupa laini wa kwenye maungio) lililosagika. Dozi ya miezi mitatu unapona kabisa. Ofa wiki hii tu. Karibu inbox.

MzeeWaPingili

Nilikuwa nakusubiri, mkuu.

Glukosamini na kondroitini zilipimwa Marekani kwa watu 1,583 wenye maumivu ya goti, utafiti ukiitwa GAIT, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kundi zima kwa ujumla, waliomeza na waliomeza kidonge kisicho na kitu hawakutofautiana kwa maana yoyote. Kulikuwa na kikundi kidogo cha wenye maumivu makali zaidi walioonekana kupata nafuu kwa mchanganyiko wa zote mbili, lakini ni kikundi kidogo mno kujengea biashara. Kujenga upya gegedu: leta ushahidi, utundike hapa hapa hadharani.

Mtu akitaka kununua anunue, si sumu kwa wengi. Ila laki tatu za kopo ni hela ya vikao vingi vya fiziotherapia, na ni ada ya mtoto.

Sista_Wodi_ya_Wanawake

Naomba niongeze jambo moja kama muuguzi, maana ndilo linaloniuma. Kuna zile dawa za "mitishamba" za unga au kapsuli ambazo mtu anameza leo, kesho anaruka kamba. Miaka yote amejikokota, ghafla mzima. Wagonjwa wetu wanatuletea wakisifu. Baada ya miezi kadhaa uso umevimba mviringo, sukari imepanda, presha juu, ngozi imekuwa nyembamba inachubuka ovyo. Wengine wakiishiwa dawa ghafla wanaanguka, presha imeshuka hawajielewi.

MzeeWaPingili

Sista asante, hili lilitakiwa kuwa kwenye post ya kwanza.

Wadau, someni hapo mara mbili. Mtishamba wa kweli haufanyi kazi usiku mmoja kwenye maumivu ya miaka. Ukiona muujiza wa namna hiyo, uwezekano mkubwa humo ndani mmetiwa deksamethasoni au prednisoloni (dawa kali za hospitali za jamii ya steroidi), mara nyingine na diklofenaki juu yake, na hazijaandikwa kwenye kopo. Hili si la huku tu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vidonge vya maungio viitwavyo Artri King vilivyouzwa kama kirutubisho cha asili. Vilipopimwa vikakutwa na diklofenaki na deksamethasoni.

Aliyekwisha kutumia dawa ya aina hiyo kwa wiki nyingi ASIACHE GHAFLA. Achukue kopo, aende nalo hospitali, aseme ukweli. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, zinatakiwa kuamshwa taratibu kwa dozi inayopunguzwa.

Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, linasajili waganga, vituo na dawa. Uliza namba ya usajili, uithibitishe kwao. Anayekasirika ukiuliza ameshakujibu.

Tomaso_Haamini

Mimi naona nyote mnadanganyana, mpaka hizo sindano za Kichina. Taifa zima lilipanga foleni Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo kwa shilingi mia tano, mawaziri wakiwemo. Wengine waliacha dawa zao wakafa. Tofauti ya kile kikombe na hizi tiba zako iko wapi?

MzeeWaPingili

Swali zuri, na linanilazimisha kusema kitu ambacho watu wa sindano hawakipendi.

Ujerumani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka 2007. Watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, makundi matatu. La kwanza sindano za kweli, sehemu zinazofundishwa na Wachina. La pili sindano za uongo: zimechomwa juu juu, sehemu ambazo si zake. La tatu tiba ya kawaida: dawa, fiziotherapia, mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kueleweka: asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, 44.2 kwa za uongo, 27.4 kwa tiba ya kawaida.

Itazame vizuri hiyo. Sindano za kweli na za uongo zimekaribiana mno, kwa hiyo habari za njia za nishati mwilini sizibebi. Lakini zote mbili ziliipita tiba ya kawaida kwa mbali. Kuna kitu kilitendeka pale: mtu kalala mahali pa utulivu, kaguswa, kasikilizwa nusu saa, kachomwa kitu chenye hisia kali kidogo, mara kumi hivi. Mwaka 1965 Melzack na Wall waliandika kwamba uti wa mgongo una kitu mfano wa lango, na hisia nyingine zikipita zinaweza kulibana lango maumivu yasipite yote. Ndiyo maana ukijigonga mguu unausugua bila kuambiwa. Halafu juu yake kuna ubongo, ambao ukiwa na matumaini unateremsha dawa zake wenyewe za maumivu.

Tofauti na kikombe ni hii, Tomaso. Kikombe kiliahidi kutibu Ukimwi, kisukari, saratani. Huko matumaini hayatoshi, virusi havijui matumaini. Maumivu sugu ya mgongo ni jambo la mishipa ya fahamu, na mishipa inasikia. Na sharti langu jingine: hakuna anayeambiwa aache dawa zake. Mganga yeyote akikuambia acha dawa za presha ili hii ifanye kazi, hapo toka.

Tomaso_Haamini

Kwa hiyo ni saikolojia tu. Ungesema mapema.

MzeeWaPingili

Hilo neno "tu" ndilo ninalolikataa. Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kutuliza akili kwa wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts mwaka 1979, wiki nane. Unafundishwa kukaa kimya, kufuata pumzi, kulitazama umivu bila kupigana nalo wala kulikimbia. Watu walicheka. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, likachapisha jaribio la watu 342 wenye mgongo sugu. Baada ya wiki 26, walioongezeka uwezo wa kufanya shughuli zao: asilimia 60.5 kwa mafunzo hayo, 57.7 kwa tiba ya kubadili fikra na mazoea, 44.1 kwa walioendelea na matibabu waliyokuwa nayo. Hawakumeza kitu. Hakuna aliyewaambia maumivu yao ni ya uongo.

Mimi wagonjwa wangu nawafundisha toleo fupi. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi puani mpaka mkono upande, itoe taratibu, ndefu kuliko ulivyovuta. Dakika kumi. Mara nyingi ukigusa misuli ya kiuno mwanzoni imekakamaa kama ubao, mwishoni kidole kinazama. Hapo ndipo tunaanza mazoezi, si kabla.

Mwana_wa_Likoni

Huku Mombasa sindano za Kichina zapatikana, nimeenda nikapata nafuu ya shingo. Swali langu: niendelee mpaka lini? Daktari asema kila wiki.

MzeeWaPingili

Karibu ndugu yetu. Kabla ya kuanza tiba yoyote ya pembeni chagua kitu kimoja unachokipima, si "nasikia vizuri". Mfano: naweza kugeuza shingo nikiegesha gari, naweza kulala usiku bila kuamka. Vikao sita mpaka kumi vinatosha kujua. Kitu hicho kisipobadilika, acha bila majuto. Kikibadilika, punguza vikao uone kama kinabaki. Na kila wiki ya sindano iwe na mazoezi ya shingo ndani yake. Sindano ziwe mpya za kutumia mara moja, hilo halina mjadala.

Binti_Moro

Samahani, mama yangu ana saratani imefika kwenye mifupa. Ndugu wamesoma uzi huu wanasema WHO wamekataza dawa kali, wanataka apewe manjano na habat soda tu. Nifanyeje?

MzeeWaPingili

Dada, pole sana. Waambie ndugu hilo katazo ni la mgongo sugu usio na ugonjwa nyuma yake. Maumivu ya saratani ni habari nyingine kabisa. Huko mofini ndiyo dawa yenyewe, WHO wenyewe wanaitambua hivyo, na ya kunywa ya maji ipo. Hospitali ya saratani ya Ocean Road hapa Dar na hospitali zenye huduma ya tiba shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa mateso) wanaitoa. Ni nadra mgonjwa anayepewa kwa kipimo sahihi kugeuka teja. Mama asiachwe aumwe kwa sababu ya uzi wangu.

Manjano kwenye mchuzi hayana shida. Manjano ya vidonge ndiyo ya kuangalia: yamewahi kuwaharibia watu ini, na yanaweza kugongana na dawa za kuyeyusha damu. Daktari wake aambiwe kila anachomeza, hata kama ni cha shambani. Kumkanda miguu kwa mafuta, taratibu, ruksa, inamfariji, ila mgongo na sehemu yenye mfupa ulioguswa na saratani pasikandamizwe wala kunyooshwa na mtu yeyote, mfupa huo unavunjika kirahisi.

Dereva_wa_Semi

Mkuu nipo Mikumi sasa hivi, nimeshuka nazunguka gari. Tandiboi ananicheka. Swali: nikitembea maumivu yakiongezeka niache?

MzeeWaPingili

Yakipanda kidogo na yakatulia ndani ya siku moja, endelea, punguza umbali tu. Yakipanda na kubaki juu mpaka kesho yake, umezidisha, rudi nusu. Yakishuka mguuni mpaka kwenye kidole na ganzi juu yake, simama uende ukaonwe. Na tandiboi naye mshushe atembee, wote mnakaa kwenye gari moja.

Nina wagonjwa wananisubiri, maswali mengine nitajibu jioni.